Sabufa ya Kona

Wagdi alikuwa mpima macho, na kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Hata akikaribishwa chakula kwa watu, jicho lake lilikwenda kwanza kwenye picha iliyoning'inia upande, na tonge halikushuka mpaka mtu ainuke kuinyoosha. Watu wa Ibrahimiya, hapo Aleksandria, walimzoea hivyo hivyo. Walisema miwani ya Wagdi haikosei, ila atakayeolewa naye Mungu amsaidie. Hakuna aliyeolewa naye. Alivuka miaka hamsini akiishi na mama yake, Bi Insaf, kwenye jengo la zamani lenye lifti inayofanya kazi siku ikijisikia.

Alhamisi jioni ilikuwa yao wawili. Sebule ya Bi Insaf ilikuwa kama sebule zote za watu wa heshima mjini: viti vya nakshi ya dhahabu vilivyofunikwa mashuka, vikingoja wageni wanaokuja siku za Idi na kukalia ncha. Baba yake Wagdi alipofariki, Wagdi alifunua mashuka na kuingiza mitambo yake ya muziki humo. Mama alinung'unika, akazoea, mwisho akajichagulia kiti kwenye kona ya dirisha. Tangu hapo, kila Alhamisi alikuja na sahani ya mbegu za tikiti zilizokaangwa, akaketi, na mwanawe akapiga muziki. Hawakuzungumza sana. Kwa Wagdi, ambaye siku nzima alikaa na watu wanaosoma herufi ukutani, hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kujiona ana mtu.

Na muziki wenyewe ulikuwa wa nyumbani. Baba yake, marehemu Tharwat, alikuwa mwanamuziki wa bendi ya redio, nyuma ya Bibi Ragaa, mwimbaji ambaye mji mzima ulikuwa ukifunga milango ya maduka kumsikiliza. Tharwat alipiga fidla kubwa ya besi, ile ndefu kuliko mtu, inayopigwa kwa kusimama. Maisha yake yote alisimama safu ya mwisho. Kwenye picha za bendi anaonekana nusu paji la uso na mkono mmoja. Wapiga violini walitumiwa maua, mpiga kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi, alishangiliwa mpaka akaota kiburi, yeye alirudi nyumbani na vidole vyenye sugu akaomba supu. Akitaniwa alicheka. "Mimi ni sakafu," alikuwa akisema. "Nani umemsikia akisifu sakafu? Ngojeni ibomoke."

Katika nyimbo zote kulikuwa na moja tu aliyoionea fahari. Katikati yake violini zinanyamaza, kanuni inanyamaza, anabaki Bibi Ragaa anatembea peke yake na sauti yake, na chini yake besi. "Hapo ndipo mimi," Tharwat alimwambia mkewe kila wimbo ule ulipopigwa redioni, kisha akaendelea na supu. Wagdi aliipata kanda ya onyesho hilo kwa mtu wa redio, akaipeleka isafishwe, akaitia kwenye CD. Ndiyo iliyofunga kila Alhamisi.

Lakini spika zake zilikuwa ndogo, na spika ndogo kwa besi ni kijiko kwenye sufuria ya harusi. Ragaa alisikika, baba hakusikika. Kwa hiyo Wagdi alinunua sabufa: sanduku jeusi la mraba, zito, halina kazi nyingine duniani ila kutoa sauti za chini kabisa.

Sasa sabufa ina adabu zake. Ukiiweka kona inavimba, inanguruma, inameza sauti za wenzake. Ukiiweka mahali pengine, besi inatoweka kama haijawahi kuwapo. Wajuzi wana njia yao: unaipandisha sabufa juu ya kiti unachokalia wewe, unapiga wimbo, kisha unapiga magoti na kutambaa chumba kizima, sikio chini, mpaka ufike mahali besi inasikika safi. Hapo ndipo mahali pake. Wagdi, mtu mzima mwenye duka na jina lake mlangoni, alitambaa Ijumaa nzima.

Mama yake alimkuta amejibanza chini ya meza.

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, mama. Natafuta besi."

"Unatafuta nini?"

Wagdi alitoa kichwa, akamtazama. "Besi."

"Aa," alisema Bi Insaf. "Baba yako alikuwa nayo maisha yake yote, hata siku moja hakuipoteza."

Alipata mahali karibu na mlango wa baraza, akapabandikia utepe mweupe kwenye vigae, akaiweka sabufa juu yake kwa furaha kubwa. Alhamisi alipotoka dukani, aliikuta kona ya dirisha, imegusana na kiti cha mama yake. Juu yake pametandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa sahani ya mbegu za tikiti.

"Mama, nani kaisogeza hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Inaonekana mno, mwanangu. Mtu akiingia ataona nini? Jeneza la mbuzi katikati ya sebule? Hapa angalau kiti kinaisitiri."

Wagdi hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Mama gani wa Ibrahimiya angeacha kitu kibaya mbele ya macho ya wageni? Wanawake wa umri wake hufunika hata televisheni. Aliirudisha kwenye utepe. Wiki iliyofuata ilikuwa kona. Akairudisha. Ikarudi. Bi Insaf alikuwa na sukari ya miaka mingi, akipanda ngazi anapumzika kila ghorofa, lakini sanduku lile alilisukuma kwa nyonga mpaka likafika. Kisha akaketi, akavua kandambili na kuweka nyayo tupu kwenye vigae.

"Vaa kandambili, mama. Sakafu baridi, na wewe una sukari."

"Miguu yangu inataka hewa."

Naye kila wimbo ukiisha alitikisa kichwa na kusema, "Nzuri, nzuri sana." Wagdi alijua masikio ya mama yake yamepungua. Alimnunulia kile kidude cha sikioni, kikalala kwenye droo pamoja na vifungo na pini. Alijua amepungukiwa. Kiasi gani, yeye mpima watu, hakuwahi kupima.

Siku ya fedheha aliwaalika wenzake wawili, watu wa dini moja naye, dini ya mitambo, wanaoweza kubishana kuhusu waya mpaka chai ipoe. Alitaka wamsikie baba yake. Aliiweka sabufa kwenye utepe, akahakikisha, akaenda jikoni kuleta chai. Aliporudi wageni wameshauwasha wimbo, na sanduku lipo kona. Besi ilivimba ikajaa chumba kama maji ya mfereji. Mmoja wa wageni alitabasamu chini ya masharubu yake, na tabasamu lile ndilo lililomchoma.

"Mama," alisema mbele yao, "wewe masikio yako yameshakwenda. Tuachie sisi tunaosikia."

Bi Insaf alimtazama usoni, akatikisa kichwa. "Nzuri," alisema. "Nzuri sana."

Wagdi hakujua kama alilisikia neno lile. Hakuthubutu kumuuliza usiku ule, na kesho yake likawa jambo la jana. Lakini liliganda kooni, na mtu aliyegandwa na neno hutafuta zawadi ya kulifunika. Zawadi aliyoitafuta ilikuwa hii: aliuza sanduku jeusi, akanunua spika mbili za kusimama chini, ndefu kumfika kifuani, za mbao ya rangi ya asali, besi zikiwa humo humo ndani yake. Hakuna tena jeneza la mbuzi, hakuna la kusukuma wala la kuwaficha wageni. Na kwa kuwa vigae vilikuwa vinarudisha mwangwi, alitandika zulia nene kutoka ukuta hadi ukuta. Alijiona amewapatanisha mama na muziki kwa mkono mmoja.

Bi Insaf alizizunguka zile spika, akazipapasa. "Zimependeza," alisema. "Kama maharusi wawili." Alitazama kona yake, akatazama mwanawe, akaketi. Akavua kandambili. Nyayo zilitua kwenye zulia, na Wagdi aliona mguu mmoja ukitambaa huku na huku, ukitafuta mwisho wa zulia, usiupate. Wimbo ulipiga. Violini zikanyamaza, Bibi Ragaa akabaki peke yake, na chini yake baba, safi, kila ncha ya mdundo mahali pake. Wagdi aligeuka kumtazama mama yake akiwa na machozi tayari.

"Umeshaanza?" Bi Insaf aliuliza.

"Tuko katikati, mama."

"Aa. Nzuri. Nzuri sana."

Alhamisi iliyofuata hakuja. Alikuwa na njegere za kumenya. Iliyofuata kulikuwa na tamthilia. Iliyofuata magoti. Wagdi alikaa sebuleni na maharusi wake wawili, akapiga muziki, akasikiliza kijiko cha mama yake kikigonga sufuria jikoni.

Alitaka kitu kimoja tu: mama arudi kwenye kiti chake. Kwa kuwa alikuwa Wagdi, alidhani kasoro iko kwenye spika. Alizisogeza mbele, akazisogeza nyuma, akazielekeza ndani kama watu wawili wanaosengenya, akazirudisha. Kila alipozisogeza alikwenda jikoni kumwita. "Njoo usikie sasa, mama." Alikuja, akasimama mlangoni na taulo mkononi, akasema nzuri sana, akarudi kwenye mchuzi wake. Mwaka ukapita. Kitambaa cha kufuma hakikuonekana tena, na Wagdi hakukiulizia.

Majira ya baridi yaliyofuata, Bi Insaf alilala usingizi kitini mbele ya hita ya umeme. Wagdi alinusa harufu akiwa barazani. Alipokimbilia ndani, alikuta kidole cha mguu wa kushoto wa mama yake kimeungua, na mwenyewe ameamshwa na harufu ile ile, si na maumivu. Daktari aliuchoma mguu kwa sindano hapa na pale, akimuuliza Bi Insaf kama anahisi, na Bi Insaf akajibu kwa adabu kwamba daktari anafanya kazi nzuri. Sukari imekula mishipa ya fahamu ya miguu, daktari alimwambia Wagdi. Amtazame nyayo kila siku, kwa sababu mwenyewe hatajua tena akikanyaga kitu. Wagdi alinunua dawa na bandeji, akaiondoa hita, akawa anamfunga kidonda kila jioni kwa mikono yake ya lenzi, taratibu, asimuumize. Hapakuwa tena na cha kuumia.

Mtu anaweza kufunga bandeji mguuni kila siku na asiufikirie mguu.

Habari aliipata ngazini, lifti ikiwa imegoma. Bi Afkar, jirani wa ghorofa ya chini yao, alikuwa amekaa kwenye kidato na kikapu chake cha biringani, akipumua.

"Ustadhi Wagdi," alisema, "sijui nikushukuru au nikulaumu."

"Kuna nini, Bi Afkar?"

"Alhamisi siku hizi nalala mapema kama kuku. Zamani dari yangu ilikuwa ikinguruma mpaka taa inacheza."

"Samahani sana. Ungesema, ningepunguza."

"Ningesemaje? Nilivaa ili nipande nije nikutolee maneno, mama yako akanikuta mlangoni na bakuli la wali wa maziwa. Akaniambia, Afkar, nivumilie saa hiyo moja tu ya Alhamisi. Huyo ni Tharwat, anakuja kunigonga nyayo."

Wagdi alishika reli ya ngazi. "Kumgonga nini?"

"Nyayo. We mtoto, hukujua?" Bi Afkar alimtazama vizuri, na sauti yake ikashuka. "Mama yako hasikii, mwanangu. Si kidogo. Hasikii. Huyo Ragaa hamjui tena, violini hazijui. Anasoma midomo, yako na yangu, ndiyo maana ukigeuka anakujibu la Makka kwa la Madina. Lile sanduku lako jeusi ndilo lililokuwa limebaki. Likiwa pale kona, akivua kandambili, vigae vinamletea marehemu. Likiwa mbali halimletei kitu. Basi akawa analisukuma."

"Aliniambia anawaonea aibu wageni."

"Wageni gani mnao ninyi?"

"Mbona hakuniambia?"

"Akwambie nini? Alisema, Wagdi anahangaika na mitambo yake kwa ajili yangu, nikimwambia sisikii ataona miaka yote alikuwa akiupigia ukuta. Mwache na furaha yake, mimi nasukuma kidogo kidogo." Bi Afkar alijiinua kwa kikapu chake. "Ulipoliuza alikuja kwangu, akakaa jikoni. Hakulia. Alisema tu, amemtoa baba yake nyumbani, na wala hajui."

Majuto ni mjukuu, husemwa. Wagdi hakuoa wala hakuzaa, lakini mjukuu huyo alimfikia pale ngazini, na alikuwa mzito. Mpima macho wa mtaa mzima, na midomo yake mwenyewe ilikuwa ikisomwa kila siku mezani asione. Kila Alhamisi mama yake alikuwa na miadi na watu wawili, mume na mwana, na mwana ndiye aliyemfukuza mume, tena kwa zulia la bei.

Sabufa alikuwa amemuuzia Zizo wa mtaa wa Karmuz, kijana anayepiga muziki kwenye harusi za mitaani, mwenye minyororo shingoni na sauti iliyokauka kwa kushindana na spika zake. Wagdi alimkuta kwenye stoo yake, amezungukwa na masanduku marefu kuliko milango.

"Mwalimu wa macho," Zizo alisema. "Umekuja kuniangalia jicho au kuniangalia maisha?"

"Lile sanduku jeusi, bado unalo?"

"Ninalo, ila si lile ulilolijua. Limekula harusi za mji mzima. Limepigwa mvua, limewekewa mkaa wa shisha juu, bwana harusi mmoja alilipanda akacheza. Halijafa. Lina roho ya punda."

"Nalitaka."

Zizo aliacha alichokuwa akifanya. "Bosi, sabufa hurudishwa na aliyenunua. Sijaona aliyeuza akirudi kulia."

"Nina spika mbili za kusimama. Unazijua, ulinisaidia kuzipandisha. Chukua zote mbili, nipe sanduku."

"Zimekufa?"

"Nzima kabisa."

"Nyumba ina majini?"

"Zizo, nipe sanduku."

Zizo alikwenda kulitoa nyuma ya stoo na kulipangusa kwa shati lake. Aliona aibu kidogo, kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto aliyechafuka. Kona moja ilikuwa imemegeka. Mbele palikuwa na stika ya moyo mwekundu yenye majina ya maharusi wasiojulikana, na haikukubali kubanduka. "Ukiona halikufai," alisema, "maharusi wako nitakutunzia siku chache." Wagdi alishukuru, lakini hakuwa na nia ya kuwaona tena.

Alhamisi alifunga duka jua likiwa bado juu. Alilikunja zulia akalisimamisha barazani. Alizirudisha spika zake ndogo. Hakupiga magoti kutafuta mahali. Safari hii alipajua. Aliliweka sanduku kona ya dirisha, likigusana na kiti, akaunga waya mmoja, akaunga wa pili kwa haraka. Kisha akaenda jikoni, akasimama mbele ya mama yake mahali pa kuonekana, na kwa mara ya kwanza akasema naye kama mtu anayejua.

"Leo kiti chako, mama."

Bi Insaf alitazama midomo yake muda mrefu kuliko maneno yalivyohitaji. "Afkar ana mdomo," alisema hatimaye, akafuta mikono.

Sebuleni alisimama mbele ya sanduku. Aliweka kiganja juu yake. Alisoma ule moyo mwekundu na majina yake. "Limeoa huko lilikokwenda?"

"Limeoa mara nyingi, mama."

Alicheka, kicheko ambacho Wagdi hakuwa amekisikia tangu zulia litandikwe. Akatoka, akarudi na kitambaa cha kufuma, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne. Alikitandika, akaweka sahani ya mbegu juu yake. Akaketi. Akavua kandambili na kuweka nyayo mbili kwenye vigae, mmoja mtupu, mmoja na bandeji yake.

Wagdi aliwasha wimbo na kuketi sakafuni mbele yake ili amwone vizuri. Bibi Ragaa aliingia, violini zikampokea. Bi Insaf alimtazama mwanawe, na mwanawe akamtazama yeye, akingoja pale mahali pa besi, na uso wake wote ukingoja. Violini zikanyamaza. Wagdi akaacha kupumua.

Bi Insaf alifumba macho na kutabasamu. "Huyo," alisema. "Baba yako huyo."

Wagdi alifunika uso kwa mikono, akalia jinsi ambavyo hakuwahi kulia tangu mazishi ya baba. Alilia kwa furaha, na ndani ya kilio chake ilimchukua muda kusikia kwamba Bibi Ragaa anatembea peke yake. Chini yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mtu kabisa. Aliinua kichwa, akainama kutazama nyuma ya kiti. Plagi ya sabufa ilikuwa imelala sakafuni kando ya tundu lake la umeme. Alikuwa ameunga waya za sauti, akasahau umeme.

Alimtazama mama yake. Bado alikuwa amefumba macho, bado anatabasamu. Alikuwa ameusoma uso wa mwanawe kama alivyosoma midomo yake, akajua wamefika wapi, akampa alichokuwa akikitaka.

Wagdi alipiga magoti. Alitambaa mpaka nyuma ya kiti, akachomeka plagi, taa nyekundu ikawaka. Alirudisha wimbo nyuma kidogo. Violini zilinyamaza mara ya pili, na sakafu ikaamka. Ilipanda kwenye magoti yake, kwenye viganja, kifuani. Mbegu za tikiti zilichezacheza kwenye sahani. Huo haukuwa ule muziki safi wa kwenye utepe. Ulikuwa umevimba, una uzito wa mtu, na ndani yake alimsikia baba yake akibadilisha mguu wa kusimamia, akivuta, akingoja. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia hivyo. Alijua sasa mama alikuwa akipata nini, na alimtazama aone akikipata.

Tabasamu lilikuwa lile lile. Halikuongezeka wala kupungua. Nyayo zilikuwa kwenye vigae vilivyokuwa vikitetemeka, na zilikaa pale kama viatu vya mtu aliyetoka.

"Nzuri," Bi Insaf alisema. "Nzuri sana."

Ndipo alipoiona bandeji aliyoifunga mwenyewe jana jioni. Akakumbuka ile sindano ya daktari, ile hita, lile zulia la mwaka mzima na ushei ambapo miguu ilikuwa bado hai na haikuwa na cha kusikia. Mlango wa kumfikia mama ulikuwa wazi wakati ule wote. Yeye ndiye aliyekuwa akipima spika.

Alijisogeza mpaka kwenye kiti, akauchukua mkono wa mama yake, akaufungua kiganja juu ya goti lake. Alirudisha wimbo tena. Besi ilipoanza, aliigonga kwa vidole viwili kwenye kile kiganja: mdundo, mdundo, kimya kidogo, mdundo. Hakuijua njia. Wimbo alioupiga kila Alhamisi, hakuwahi kuufuata kwa chini. Alisubiri kila sauti ifike ndipo agonge.

Bi Insaf alifumbua macho. Alitazama vidole vile, kisha akakunja uso kidogo, kama mtu anayetafuta jina. Kisha uso ukakunjuka, na macho yakamjaa. Alikuwa ameutambua.

"Unachelewa," alimwambia kwa upole, bila kuondoa mkono. "Hapo kwenye kimya. Baba yako hakuwa akichelewa."

"Nimechelewa, mama," Wagdi alisema, akiwa ameinamisha kichwa pale ambapo midomo yake haikuweza kusomwa, na akaendelea kugonga.